Chupa Kizimbani

SEHEMU YA TISA

Uvumi ule ulikuwa na siku nne tu mtaani, lakini ulimganda Orpha Detweiler kama unga uliolowa kwenye vidole. Mtoto wa akina Haggerty hakufa kwa meno. Kafa kwa chupa. Nani kasema? Hakuna anayejua. Ulisemwa nje ya kanisa, ukasemwa kwa muuza maziwa, na kila aliyeusema alimalizia hivi: "Lakini mimi sijui, nimesikia tu."

Orpha aliufukuza asubuhi, ukarudi mchana. Alifua nao, akapika nao.

Basi wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha mama huyu mlangoni pa duka la dawa la Bwana Coombs, chupa ya Kituliza cha Mama Pruitt mkononi, amekuja kuuliza swali moja tu. Kabla hajafungua mdomo, mwanamume mgeni mwenye kofia nyeusi alipiga kaunta kwa kiganja na kusema, "Kwa jina la serikali ya Marekani, hakuna chupa inayotoka humu!"

Coombs akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu.

"Chupa gani?" Coombs akauliza. Nyuma yake zilipangwa mpaka karibu na dari, kila moja na picha ya bibi mwenye kofia ya lesi.

"Hizo unazozikinga kwa mgongo wako, bwana. Za Pruitt, zote. Mia tatu sabini na mbili. Zimeingia kwa reli kutoka Pennsylvania Jumanne."

"Umekuja kunifunga?"

"Wewe sikufungi. Nakamata chupa."

"Unakamata chupa?"

"Nakamata chupa."

Coombs akawageukia wateja wake. "Mmesikia? Basi mzitie pingu, mheshimiwa, zisije zikatoroka!"

Wanaume wawili waliokuwa wakinunua tumbaku wakacheka mpaka wakakohoa. Mgeni hakucheka. Aliita wasaidizi wake na makreti, nao wakaanza kushusha chupa rafuni moja moja.

Orpha akasogea.

"Samahani, bwana. Zimefanya nini?"

Mgeni akamtazama, kisha akaitazama chupa aliyoshika. Jina lake Vandegrift, mkaguzi wa serikali. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulala kwenye treni.

"Hiyo ni yako, mama?"

"Yangu."

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi tisa."

"Unampa tangu lini?"

"Tangu jino la kwanza. Huu mwezi wa tatu."

Vandegrift akageuza uso dirishani. Orpha aliwahi kumwona mtu akigeuza uso namna ile mara moja tu, siku daktari alipotoka chumbani kwa baba yake.

"Lakini hii ni ya serikali!" Orpha akaipindua chupa, akaweka kidole kwenye mstari anaoujua kwa moyo. "Soma mwenyewe. 'Imedhaminiwa chini ya Sheria ya Vyakula na Dawa, tarehe 30 Juni 1906.' Na namba hii hapa. Namba yenu!"

Akina mama, shikeni hapo, maana kosa hili halikuwa la Orpha peke yake. Mtaa mzima wa matanuru ya vyungu ulilifanya. Coombs alikuwa na dawa za kutuliza watoto za aina tatu, mbili hazikuwa na mstari ule, na wanawake walizipita wakaenda kwenye ile yenye mstari. Kabla ya sheria walikuwa wanaogopa chupa za dukani. Ilipokuja sheria, woga ukaisha. Waliona serikali imeshaonja.

"Mama," Vandegrift akasema taratibu, "dhamana hiyo si yetu. Ni ya mwenye kiwanda. Anatuandikia barua kwamba anajidhamini mwenyewe. Sisi tunaiweka barua kwenye faili, tunampa namba ya barua. Hakuna mtu wa serikali aliyeionja."

"Yaani mwizi kaapa kwamba yeye si mwizi, nanyi mkampa namba?"

Mkaguzi akavua kofia yake. "Ndivyo ilivyo, mama."

"Ndani kuna nini?"

"Lebo inasema haina afyuni wala kitu cha kudhuru. Sisi tumeipima. Tumekuta mofini."

Orpha hakuuliza mofini ni nini. Babu yake alirudi kutoka vitani bila mkono wa kushoto, akaishi miaka kumi na tano akiililia sindano ya mofini. Neno hilo lilikaa nyumbani kwao kama mpangaji.

Akamgeukia mwenye duka. "Ulijua?"

"Mimi nauza tu, Orpha. Lebo siandiki mimi."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Hata mke wangu anaitumia!"

"Nyinyi hamna mtoto, Coombs."

"Anaitumia mwenyewe," Coombs akasema kwa sauti ndogo, akainamisha kichwa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Saa ya ukutani ikagonga. Saa tano asubuhi. Saa tano ndiyo saa ya kijiko! Na nyumbani, juu ya rafu, kulikuwa na chupa nyingine iliyobaki dawa kidogo chini, na mtoto yuko na mama mkwe.

Alitoka mbio bila kumuaga mtu.

* * *

Bi Keturah, mama yake Jesse, mume wa Orpha, alikuwa jikoni akikoroga uji wa mahindi na kuimba wimbo wa kwao wa Kijerumani. Alimwona mkwewe anaingia anahema, akaweka kidole mdomoni.

"Shh! Ndiyo kwanza kalala."

"Umempa?"

"Nimempa kijiko chake. Chupa yenyewe ilikuwa inaishia, nikamkung'utia na mashapo ya chini, yasipotee bure."

Orpha alimwinua Clement kutoka kwenye kitanda cha kubembea. Kichwa kikaangukia nyuma. Kucha zilikuwa za rangi ya zambarau. Akafunua kope moja kwa kidole gumba, na mboni ilikuwa nukta, kama tundu la sindano.

"Clement! Clement, baba! Amka!"

"Wee mwanangu, una wazimu? Mtoto kalala unamwamsha! Ndiyo malezi gani hayo?"

"Mama, kamwite daktari."

"Kwa mtoto aliyelala?"

"Mama, kimbia!"

"Nikimbie? Mimi, na magoti haya?"

"Kimbia, Mama! Anakufa!"

Bi Keturah, mwanamke wa miaka sabini na miwili ambaye hajawahi kuonekana nje bila kofia, alikimbia mtaa mzima kichwa wazi, aproni ikipepea, mwiko wa uji bado mkononi.

Daktari Sewell alifika bila koti. Hakusalimia mtu. "Kahawa! Nyeusi, kali kuliko unavyoinywa wewe. Na kitambaa cha maji baridi. Mpige nyayo. Mpige, Orpha, usimwonee huruma, huruma yako itamuua!"

Walimpiga nyayo. Walimdondoshea kahawa kooni kwa kijiko. Walimtembeza, walimmwagia maji baridi, walimwita majina yote ya mapenzi wanayoyajua, na Orpha akamwita hata kwa hasira. Pumzi ilikuja, ikakawia, ikaja. Kila ilipokawia, chumba kizima kilikawia nayo.

Saa nane mchana Clement alikunja uso, akafungua mdomo, akalia.

Orpha akaketi sakafuni. Miezi mitatu alikuwa akinunua ukimya wa mtoto kwenye chupa. Leo kelele ile mbaya, yenye kamasi na hasira, aliiona ni zawadi.

"Usishukuru bado," daktari akasema.

"Si amelia?"

"Amelia. Lakini mwili wake umeshazoea sumu. Nikiikata ghafla atapata degedege. Nitamshusha kwa matone, kwa dawa yangu ambayo nguvu yake naijua. Matone kumi leo na kesho, kisha tisa siku mbili, hivyo hivyo mpaka yaishe. Atateseka, nanyi mtateseka naye." Akawatazama wote wawili, mama na bibi. "Sasa nisikilizeni vizuri. Kadiri anavyoshuka, mwili wake unasahau. Baada ya wiki mbili tatu, kijiko kimoja kama hiki cha leo hatakiweza. Kijiko kimoja tu, na safari hiyo sitamrudisha. Umenisikia, Orpha?"

"Nimesikia."

"Bi Keturah?"

"Mimi si kiziwi," bibi akajibu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Pruitt haingii tena nyumba hii. Naapa mbele ya Mungu."

Akaichukua ile chupa tupu, akatoka nayo uani, akaivunja kwenye jiwe la pampu. Kisha akaitemea mate picha ya yule bibi mwenye kofia ya lesi.

* * *

Siku zilizofuata, msomaji, sitazieleza zote. Mtoto alitetemeka kama aliyetolewa mtoni. Alitapika, aliharisha, alijikunja. Alilia mpaka sauti ikaisha, akaendelea kulia bila sauti. Jirani wa kushoto aligonga ukuta, wa kulia akaja mlangoni.

"Mpe kijiko basi, Orpha! Sisi wengine tuna kazi asubuhi!"

"Ndicho kijiko kilichomfanya hivi."

"Wangu wote wanne wamekunywa. Mbona wazima?"

"Wale wazima?" Bi Keturah akadakia kutoka ndani. "Yule mkubwa wako si ndiye anayesinzia darasani mpaka mwalimu anamrushia chaki?"

Mlango ukabamizwa. Jesse, baba wa mtoto, alikuwa akitoka tanuruni na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, anambeba mwanawe saa mbili, anamrudisha bila neno. Hakuwa mtu wa maneno. Siku moja alisema tu, "Mwepesi," akaenda kunawa.

Mwepesi kweli. Kutoka ratili kumi na tisa, sasa kumi na nne.

Ndipo ikaja barua ya Vandegrift. Kesi itasikilizwa Alhamisi katika mahakama ya shirikisho. Orpha alimfunga Clement kwenye blanketi, akapanda treni saa mbili nzima. Njiani kote alikuwa anapanga maneno. Atamwona mwenye kiwanda kwa macho yake. Atamwonyesha mtoto. Atamwambia, mbebe, mbebe uone uzito wake.

Karani wa mahakama akasimama, akasoma kwa sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani:

"Serikali ya Marekani, dhidi ya Chupa Mia Tatu Sabini na Mbili za Kituliza cha Mama Pruitt!"

Orpha akamnong'oneza mkaguzi. "Mshitakiwa yuko wapi?"

"Yule pale."

Mezani palisimama chupa moja, peke yake, na kipande cha karatasi shingoni.

"Chupa?"

"Chupa. Tumekamata mali, kwa hiyo mali ndiyo inayoshitakiwa."

"Mwenyewe je?"

"Yuko kwake Pennsylvania. Hajashitakiwa."

Wakili wa kiwanda akainuka. Alikuwa kijana msafi, mwenye ua kwenye kola na sauti ya upole kabisa.

"Mheshimiwa Jaji, mteja wangu hana ubishi. Anakubali lebo ina kasoro. Anaomba arudishiwe mali yake kwa dhamana, abandike lebo mpya yenye kusema kweli, na gharama za mahakama atalipa."

"Upande wa serikali?" jaji akauliza.

Mwanasheria wa serikali akafunua karatasi, akafunika. "Sheria inaruhusu, Mheshimiwa."

"Basi ni—" jaji akaanza.

"Na mtoto je?"

Watu wote wakageuka. Orpha alikuwa amesimama, na hakukumbuka kusimama.

Karani akataka kumkemea, jaji akamzuia kwa mkono. Hakuwa mtu mbaya jaji yule, nawaambia kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi katika habari hii.

"Wewe ni nani, mama?"

"Orpha Detweiler. Na huyu ni Clement. Alikuwa ratili kumi na tisa, Mheshimiwa. Mpimeni sasa. Mmeipima chupa, mpimeni na yeye."

Jaji akamtazama mtoto. "Pole sana, mama. Lakini kesi hii ni ya lebo. Sheria haikatazi mofini. Inakataza kuificha."

"Kwa hiyo wakiiandika, hata kwa herufi ndogo kama mguu wa inzi, wataruhusiwa kumpa mwanangu?"

"Wakiiandika wataruhusiwa kuiuza. Kumpa au kutompa, hilo ni lako."

Nyundo ikagonga, ombi la kiwanda likakubaliwa. Kesi yote ilichukua dakika sita. Wakili alipopita karibu na Orpha alimgusa Clement shavu kwa kidole kimoja, akasema, "Mtoto mtulivu huyu," akaenda zake.

Nje, kwenye ngazi, Vandegrift aliwasha mtemba wake wa tumbaku ukazimika, akauwasha tena ukazimika.

"Nina kesi arobaini kama hii, mama. Thelathini na nane nimeshinda."

"Na ya leo?"

"Ya leo pia nimeshinda," akasema, akauweka mtemba mfukoni.

* * *

Hata hivyo wiki ya mwisho ya matone ilikuja na kitu kama mwanga. Matone mawili. Tone moja. Kisha siku moja bila tone. Clement alikula vijiko vitano vya uji, akashika sikio la bibi yake, akacheka. Sauti yenyewe kama mlango usiotiwa mafuta, lakini alicheka! Bi Keturah alikwenda kuwatangazia hata wale majirani wa ukutani.

Orpha akaona sasa ana nguvu za kufanya jambo. Aliandika barua ya kurasa mbili kwa mkono wake wa darasa la tano, akaeleza kila kitu, mstari wa dhamana na mashapo na kesi ya chupa, akaipeleka kwa Bwana Thorne, mhariri wa gazeti la mji.

Mhariri aliisoma yote. Aliisoma mara ya pili. Kisha akaikunja na kumrudishia.

"Umeandika vizuri, Bibi Detweiler."

"Itatoka lini?"

"Haitatoka."

Akafungua gazeti lake la jana, akampitisha kurasa kwa kidole. Ukurasa wa pili, matangazo ya dawa. Ukurasa wa tatu, dawa. Ukurasa wa nyuma wote, dawa. Akavuta droo, akamwonyesha mkataba na watengeneza dawa, wenye sharti lililopigwa chapa kwa wino mwekundu.

"Nikichapa neno moja baya juu yao, mkataba unakufa. Jimbo likitunga sheria mbaya juu yao, mkataba unakufa vilevile. Ndiyo maana huoni gazeti hata moja likiomba sheria kali."

"Na mtoto wa akina Haggerty?"

"Nilimchapa. Wiki ile ile, na mstari wa pole chini yake. Kifo nachapa bure, mama. Kilichoua ndicho siwezi."

"Wewe una watoto?"

"Watano," akasema, na akaugonga ule mkataba. "Wanakula hapa."

Orpha akatoka. Hakulia njiani. Alikuwa anafikiria namna nyingine, labda mchungaji, labda barua kwa Vandegrift, labda kupita nyumba kwa nyumba. Alifika kwake saa tisa, jua bado liko juu ya mabomba ya moshi ya matanuru.

Nyumba ilikuwa kimya.

Bi Keturah alimpokea mlangoni, uso unang'aa kama wa mtu aliyeficha zawadi.

"Nimekupumzisha leo, mwanangu. Alianza kulia kwa jino la juu, maskini, limechomoza kabisa. Sasa kalala."

Orpha hakusikia mengine. Macho yake yalikuwa mezani. Kulikuwa na kijiko kilicholowa, na kando yake chupa. Si ya bibi mwenye kofia ya lesi. Hii ilikuwa na karatasi ya samawati na picha ya malaika, na jina kubwa la dhahabu: FARAJA YA MTOTO.

"Mama. Hii imetoka wapi?"

"Kwa Coombs. Usiniangalie hivyo! Pruitt niliapa, na kiapo changu nimekishika. Nimemwambia Coombs, isiwe ya Pruitt. Akasema hii ni mpya, imetoka mahakamani, imepita mbele ya jaji mwenyewe. Si ndiko ulikokwenda wewe?"

Orpha akaiinua chupa. Chini ya malaika, chini ya maua, pembeni kabisa mwa karatasi, kwa herufi ambazo ilimbidi azisogeze dirishani, sheria ilikuwa imetimizwa. Kila aunsi ina mofini. Na kiasi chake. Na jina la kiwanda kile kile cha Pennsylvania.

Bi Keturah alijifunza kusoma kwa Biblia ya Kijerumani, na nje ya Biblia ile hakusoma kitu. Herufi za Kiingereza kwake zilikuwa mapambo tu, alizoea kujua dawa kwa picha.

"Kuna nini hapo?" akauliza. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. "Orpha? Kumeandikwa nini?"

"Umempa kiasi gani, Mama?"

"Kama siku zote. Kijiko kimoja."

* * *

Safari hii Orpha mwenyewe ndiye aliyekimbia, mtoto kifuani, mpaka kwa daktari akamkuta anafunga farasi. Wakarudi pamoja kwa mbio. Kahawa, maji baridi, nyayo. Daktari hakutoa amri kwa kelele kama mara ile. Hilo lilimtisha Orpha kuliko kelele.

"Niambie," Orpha akasema.

"Sina la kukuambia sasa. Kaa chini."

"Nimbebe mimi."

"Kaa chini, Orpha. Ukianguka nitakuwa na wawili, na mikono yangu ni hii hii."

Akamfungia mlango wa jikoni. Orpha akabaki chumba cha mbele, akisikiliza hatua. Kutoka jiko mpaka dirishani. Kutoka dirishani mpaka jiko. Uani Bi Keturah alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anamsihi Mungu kwa lugha ya mama yake, na anajipiga kifua kwa ngumi. Jesse alikuwa ameshaitwa kutoka tanuruni. Hajafika.

Mikono ya Orpha ilitaka kitu cha kushika. Akachukua ile barua aliyorudishiwa na mhariri, akaigeuza upande mweupe, akatafuta penseli. Chupa mia tatu sabini na moja zingine zilikuwa rafuni kwa Coombs dakika ile ile, na mtaani kulikuwa na watoto wanaoota meno. Kurasa mbili hakuna atakayesoma. Akaandika kwa ufupi, kwa herufi kubwa, nakala ya kwanza, ya kupenyeza chini ya mlango wa yule jirani wa ukutani:

Msinunue Kituliza cha Mama Pruitt, kama mkikikuta popote.

Msinunue Faraja ya Mtoto. Ni dawa ile ile, wamebadilisha karatasi.

Msiamini neno "imedhaminiwa". Aliyedhamini ni aliyetengeneza.

Msiamini mkiambiwa imepita mahakamani. Jaji amesoma lebo tu.

Msinunue chupa kabla ya kutafuta herufi ndogo kabisa. Mkiona mofini, afyuni, kokeini au klorali, rudisheni.

Msimpe mtoto mashapo ya chini. Huko ndiko sumu inakolala.

Msimwachie chupa mtu asiyeweza kusoma lebo, hata kama anampenda mtoto kuliko nyinyi. Msomeeni kwanza.

Jikoni hatua zikasimama. Orpha akasubiri zianze tena kutoka dirishani. Hazikuanza. Akasikia kiti kinavutwa, na daktari akiita jina lake, mara moja, kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Alikuwa na mstari mmoja bado.

Msifurahi mtoto akinyamaza ghafla. Mwamsheni.